Usimdunge mamako insulini kabla uji haujafika mezani

Acha kabisa! Umeandika kwamba mamako mwenye kisukari anadungwa insulini saa 11 alfajiri hapo Githurai, Nairobi, kisha anapanda matatu ili akale sokoni Gikomba akishafungua kibanda. Mimi nilifanya hivyo hivyo, na mkono wangu wa kushoto haujanyooka hadi leo.

Natumia insulini ya mchanganyiko, 70/30 (asilimia 70 ya kufanya kazi polepole, 30 ya haraka), kama yake. Ikishaingia mwilini, ndani ya nusu saa inaanza kuteremsha sukari, uwe umekula au umekwama kwenye foleni ya magari Pangani. Muuzaji wa kemisti moja ndiye aliyeniambia, "Dunga tu nyumbani, utakula ukifika kazini." Alisema huku akihesabu chenji. Hakuniuliza naishi wapi wala safari huchukua muda gani. Nikimkumbuka damu inanichemka.

Asubuhi hiyo magari yalisimama Thika Road kuanzia Roysambu. Jasho likanitoka, shati likalowa chapa, na ilikuwa baridi ya Julai. Mikono ikatetemeka, midomo ikafa ganzi. Nikamwita mchuuzi dirishani, nikanunua soda, tena nikachagua isiyo na sukari, maana nilikuwa nimekaririshwa kwamba mwenye kisukari hagusi sukari. Ile soda haikunisaidia chochote, kwani sukari ndiyo iliyokuwa imeshuka mwilini. Kondakta aliponidai nauli nilimjibu maneno yasiyoeleweka, akadhani nimelewa. Nikaanguka mlangoni nikishuka, mkono ukavunjika. Nilizinduka nikiwa na dripu ya glukosi, muuguzi akaniambia kipimo cha sukari ya damu kilisoma 1.9 mmol/L.

Kipimo hicho kikiwa chini ya 4 tayari ni hatari. Mama akifika hapo, mpe vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya soda ya kawaida ya mililita 300, ngoja dakika 15, pima tena, halafu ale. Akizimia msimtie kitu mdomoni, atapaliwa, mkimbizeni hospitali. Kama anameza na glibenklamidi pia, yaani vidonge vya kushusha sukari, sukari yaweza kushuka tena saa nyingi baadaye, kwa hiyo msiharakishe kumrudisha nyumbani.

Sisemi aache insulini, dadangu. Nasema chakula kitangulie kuwa mbele yake, ndipo sindano ifuate. Kesho alfajiri, kabla hujafungua friji kutoa hiyo dawa, mmiminie uji na umwekee kipande cha nduma kando.