Chupa zilezile, chumba kilekile

Swali lenu la wiki hii, eti msanii asiposafiri anaweza kukua? Mi nawajibu kwa jina moja tu, Giorgio Morandi, mchoraji wa Bologna, Italia, na wale wanaosema bila Paris huwezi nawaambia huyu jamaa Paris hakufika hata siku moja.

Kazaliwa 1890, baba akafariki 1909 yeye bado yuko chuo cha sanaa palepale mjini, akabaki na mama na dada zake watatu, na kati ya hao ndugu wanne hakuna aliyeoa wala kuolewa. Chumba cha kulala ndo studio hiyohiyo, kitanda pale, meza ya chupa hapa, na kuingia humo lazima upitie chumba cha dada zake, sa fikiria mteja kaja kuangalia picha anapitishwa vitandani kwa watu!

Kilichomlisha ni ualimu. 1914 mpaka 1929 alifundisha kuchora shule za msingi, na hapa ndo ananigusa maana na mimi nashika chaki, najua ukitoka darasani kichwa kinavyovuma. 1930 akapewa uprofesa kwenye chuo alichosoma, kufundisha kuchapa picha kwa bamba la shaba na asidi, fani ambayo alijifunza mwenyewe kwenye vitabu vya zamani.

Haya, kukua sasa. Kazi za Cézanne, yule mchoraji wa Ufaransa, Morandi alianza kuzijua kwa picha nyeusi na nyeupe za kitabuni. 1910 akaenda Florence kuona kazi za Giotto na Masaccio, wachoraji wa kale wa Italia (ni safari sawa, ila ya ndani ya nchi). 1914 akaonyesha kazi pamoja na Wafuturisti, wasanii wa Italia waliosifu mashine na kasi, 1915 akaitwa jeshini akaugua akarudishwa nyumbani, halafu 1918 na 1919 akaingia kwenye metafizikia, mtindo wa wachoraji kina de Chirico na Carrà, vitu vimekaa kama ndotoni, vivuli vikali. Picha safi sana ila mi naona bado anaongea kwa sauti ya wenzake.

Baada ya hapo ndo chupa, majagi na makopo mpaka anakufa 1964, na watu wanasema alikuwa anajirudia. Hapana jamani. Chupa nyingine alizimwagia rangi ndani zisipitishe mwanga, vumbi aliliacha likae juu maana linaua mng'ao, mezani akatandika karatasi akaweka alama pa kusimamisha kila kitu. Za miaka ya 1930 rangi ni nzito, za udongo udongo, ukija miaka ya 1950 zimekuwa kijivu na waridi iliyopauka, na chupa zimebanana katikati kama abiria wanaosubiri daladala mvua ikinyesha. Na dunia ilimfuata yeye, 1948 tuzo ya uchoraji kwenye maonyesho ya Venice, 1957 tuzo nyingine São Paulo, Brazil.

Nje ya Italia alitoka mara ya kwanza 1956, mwaka aliostaafu kufundisha, akaenda Uswisi, yaani jirani tu hapo. Sa tafuteni zile picha zake za mwisho za rangi za maji muweke karibu na zile za 1919, chupa ni mstari mmoja wa brashi au haipo kabisa, kilichochorwa ni ile nafasi kati ya chupa na chupa, nyeupe ya karatasi yenyewe.