Mjamzito, usiseme "silali" tu. Sema kinachokuamsha

Mwezi wa Novemba hapa Mtwara hauna huruma na mwenye tumbo kubwa. Mvua bado, upepo wa kusi ulishaondoka, umeme ukikatika feni inasimama. Ukilalamika unajibiwa, "Ndiyo mimba hiyo, vumilia." Nimejibiwa hivyo na shangazi, na jirani, na hata muuguzi mmoja aliyekuwa anaandika bila kunitazama usoni.

Wenzangu, kukosa usingizi kuna sababu zake, na nyingine zina dawa. Ila ukifika kliniki ukasema "silali" ukanyamaza, utarudi nyumbani ulivyokwenda.

Mimi kilichoniamsha ni miguu. Nikijinyoosha tu, nasikia kama sisimizi wanatambaa ndani ya mifupa, mpaka niinuke nizunguke uani. Nikitembea inatulia, nikilala inaanza upya. Siku nilipoieleza hivyo, neno kwa neno, nilimkuta muuguzi mtu mzima. Akanivuta kope la chini kwa kidole gumba, akatazama, akauliza, "Mwanangu, udongo unakula?" Akanielekeza maabara. Damu ilikuwa 9, na mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi. Kumbe upungufu wa madini ya chuma ni moja ya mambo yanayoleta miguu ya namna ile, na udongo unazidi kuyazuia madini hayo yasiingie mwilini.

Vidonge vya damu nilikuwa napewa tangu mwanzo. Hakuna aliyeniambia kwamba chai inavipunguzia nguvu, na sisi huku chai ya rangi ni asubuhi na jioni. Meza kwa maji, au juisi ya chungwa ukiipata, chai ikae mbali saa moja au mbili. Choo kikiwa cheusi usishtuke. Miguu yangu haikutulia kwa siku mbili, ilichukua wiki kadhaa, lakini ilitulia.

Joto ni kesi nyingine. Naoga usiku, nalowesha kanga naikamua najifunika nayo, natandika mkeka sakafuni. Lakini chandarua sikitoi, nakifunga juu ya mkeka huohuo. Malaria ya mjamzito hujificha kwenye kondo la nyuma, inamaliza damu ya mama na kumfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo. Ndiyo maana tunamezeshwa SP, dawa ya kukinga malaria, kliniki kuanzia mwezi wa nne, kila dozi ikipishana na nyingine mwezi mmoja au zaidi. Kama dawa za salfa zinakudhuru, au unatumia septrini, sema kabla hujapewa.

Kiungulia: kula mapema. Ugali na mchuzi wa nazi saa tatu usiku halafu kitandani, hapo umejitakia mwenyewe. Kuanzia mwezi wa saba lala ubavu, kanga iliyokunjwa katikati ya magoti. Ukishtuka umelala chali, geuka tu uendelee, usikeshe kwa hofu.

Vidonge vya usingizi usinunue dukani. Hata vile vya mafua vinavyosinzisha, ambavyo kila mtu ana shoga wa kumshauri anywe, muulize kwanza mhudumu wa kliniki yako. Mizizi ya bibi nayo vilevile, na najua hapo nitagombana na watu.

Kuna yanayokuamsha usiku ambayo si ya kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Viganja na nyayo kuwasha sana bila upele, hasa miezi ya mwisho: huenda ini lina shida, na inapimwa kwa damu. Kichwa kuuma vikali, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu: hizo ni dalili za hatari, kifafa cha mimba kinaweza kufuata. Mtoto kupunguza kucheza, damu, maji kutoka, homa. Hapo ni kuondoka usikuusiku, kwenda kituo cha karibu chenye mganga wa zamu. Wa Mtwara mjini tuna hospitali ya Ligula, wa Lindi wana Sokoine, wa njia ya Masasi wana Ndanda. Namba ya bodaboda anayepokea simu saa nane za usiku itafute leo, na umpe na mumeo pia.