Pasipoti ya mama imekataliwa mara tatu

SWALI: Shikamoo dada. Namfungulia mama akaunti ya benki kwa simu. Pasipoti yake ni halali, lakini imekataliwa mara tatu. Kisha programu ikamtaka ageuze uso kushoto na kulia. Alikuwa amechoka, nikaielekezea kamera picha yake ya ukutani. Nayo ikakataliwa. Kwa nini wanamsumbua mzee?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mpe mama pole yangu. Nimekagua maombi ya namna hii kwa miaka sita, na picha ya ukutani ndiyo hila tunayoizuia kila siku. Mwizi akiokota pasipoti ya mama, picha yake anayo tayari. Asichonacho ni mama mwenyewe, akigeuza shingo mbele ya kamera. Huko kugeuka kunamlinda yeye.

Kuhusu pasipoti, tazama mistari miwili ya chini kabisa kwenye ukurasa wenye picha, yenye nafasi 44 kila mmoja. Tarehe ya kuzaliwa hufuatwa na tarakimu moja ya kuihakiki. Tuseme amezaliwa 12 Aprili 1955: huandikwa 550412. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, kisha urudie kwa tatu zilizobaki. Jumla ni 83. Gawa kwa 10, inabaki 3. Basi 3 ndiyo hufuata. Mng'ao wa taa ukiifanya 5 ya kwanza isomeke 6, hesabu inatoa 0, na ombi linakwama. Kompyuta haijui kama kosa ni la taa au la mghushi.

Kwa hiyo zima flashi. Laza pasipoti mezani karibu na dirisha, jua lisiipige moja kwa moja, na vidole visifunike ukurasa. Ikikataa tena, omba ahakikiwe na mhudumu.

Jambo moja linaniuma. Niliwahi kukagua video ya mama mtu mzima akigeuza shingo, na pembeni sauti ya kiume inamwambia, "Tena, tena." Uso ulikuwa wake, pasipoti yake. Nililisimamisha ombi, tukampigia: hakujua kwamba anafungua akaunti. Kwa hiyo, kabla hujamshikia simu, mweleze mama akaunti ni ya nini, na namba ya siri aichague mwenyewe, wewe ukiwa umegeukia pembeni.