Sura moja, spishi zaidi ya moja

Swali lako, kwamba vyura wanaofanana kwa sura wanawezaje kuhesabiwa kuwa spishi tofauti, linajibiwa vizuri na vyura wa jenasi (kundi la spishi zenye ukoo wa karibu) ya Nectophrynoides wa Milima ya Tao la Mashariki nchini Tanzania, wale wasiotaga mayai bali huzaa vichura vilivyokwisha kamilika, bila hatua ya kiluwiluwi anayeishi majini. Nectophrynoides viviparus alielezwa kisayansi mwaka 1905, na kwa miaka mingi wenzake wengi wenye tezi nene miguuni waliitwa kwa jina hilo hilo. Ugumu ulikuwa kujua jina hilo la mwaka 1905 ni la kundi lipi hasa kati ya vyura hao. Watafiti walichukua vipande vidogo vya tishu kutoka vielelezo vya makumbusho (vyura waliohifadhiwa) vyenye umri wa zaidi ya karne moja, wakasoma vinasaba vilivyosalia humo (vimekatikakatika, lakini vinasomeka), wakavilinganisha na vya vyura waliokusanywa miaka ya karibuni. Ndipo mwaka 2025 wakatangaza spishi 3 mpya, mojawapo ikiwa Nectophrynoides uhehe. Hata hivyo walipima na maumbile, na kwa maoni yangu walifanya vyema, kwa kuwa vyura waliotenganishwa na nyanda kavu kati ya mlima na mlima huweza kutofautiana kinasaba wakiwa bado spishi moja.