Kodi ya C kwenye ukulele inalia "tap"? Mimi nimeishi nayo wiki mbili

Mkuu umeuliza mbona kodi ya C (kodi ni noti kadhaa zinazolia kwa pamoja) unaibana kama picha inavyoonesha, kidole kimoja tu, halafu uzi unalia "tap" kama tone la mvua kwenye bati. Pole ila nimecheka, maana mimi hiyo "tap" nilikaa nayo karibu wiki mbili nikijua nimeuziwa kimeo.

Ukulele yangu, hicho kigitaa cha nyuzi nne, nilichukua ya mtumba pale Makoroboi jijini Mwanza, muuzaji mwenyewe anaiita "gitaa la watoto", na kwa vile kwayani nilishagusa gitaa kidogo nikajiona fundi. Nikatyuni uzi wa juu, ule wa karibu na kidevu, eti uwe besi kama gitaa, ukalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Kumbe nyuzi za ukulele ya kawaida ni noti za G, C, E, A kutoka juu kushuka chini, na hiyo G sauti yake iko juu kuliko C na E, uzi mzito hasa ni C. Kwa hiyo kabla hujalaumu kidole tyuni kwanza, programu za bure zimejaa kwenye simu, na kama nyuzi ni mpya zitashukashuka siku kadhaa, nailoni inavutika, usije ukairudisha dukani bure.

Haya, C yenyewe: uzi wa chini kabisa unaotazama miguu yako, yaani A, freti ya tatu (freti ni nafasi kati ya vichuma vya shingoni, hesabu kuanzia kwenye vigingi), kidole cha pete. Basi. Zile tatu ziache wazi, unapata G, C, E na C nyingine ya juu.

Sasa "tap". Siku moja niko kwenye kivuko cha Kamanga, nimekaa pembeni ya magunia najipigia taratibu nisisumbue watu, mzee mmoja akaniangalia weeee mpaka akachoka. Akasema kijana lete mkono. Akakishika kidole changu akakisogeza kama upana wa punje ya mchele hivi, kuelekea kile kichuma cha freti ya tatu, "karibia, usikikanyage". Mimi siku zote nilikuwa nabana katikati ya nafasi, nikiona haitoki nazidisha nguvu, nakaba shingo kama sato anayetaka kurudi ziwani! Halafu akatazama kucha zangu, akasema na hizi kata. Kweli, kucha ikiwa ndefu inagusa mbao kabla ncha ya kidole haijaukandamiza uzi vizuri.

Nikacharaza ikalia aisee, mpaka mama mmoja wa dagaa akageuka.

Kwa hiyo jaribu hivi, usicharaze kwanza, dona uzi mmoja mmoja kuanzia juu, ukisikia mmoja umekufa ndo huohuo wa kushughulika nao. Kama ni ule wa E basi kidole kimelala kinaugusa, kisimamishe kwa ncha, gumba likae nyuma ya shingo bila kubana sana. Ikitoka safi toa kidole, rudisha, toa, rudisha, bila kuangalia, hata ukiwa unasubiri ugali uive.

Ukichoka na C ingia kodi ya A mainor, nayo kidole kimoja, cha kati, uzi wa juu freti ya pili. Ila kodi ya G usiiguse wiki hii, inataka vidole vitatu na mimi mpaka leo cha pete kinapotea njia.