Bibi wa Agosti na bibi wa Oktoba

SWALI: Shikamoo Mama Muuguzi. Mimi wa Tanga, natunza wazee Swansea, Wales. Nina bibi wawili: mmoja kazaliwa Agosti 1933, mwenzake Oktoba mwaka huohuo. Wa Oktoba alichanjwa mkanda wa jeshi. Wa Agosti aliambiwa umri umempita, na ndiye leo anayesahau jina langu kabla chai haijapoa. Wenzangu wanasema chanjo ile inazuia ugonjwa wa kusahau. Kweli, au maneno ya jikoni? M., Swansea

JIBU: Marahaba mwanangu. Chanjo ilipoanza Wales, 1 Septemba 2013, mstari ulichorwa: aliyezaliwa kabla ya 2 Septemba 1933 hapati kabisa.

Nimejaza rejista za kliniki miaka mingi, na hesabu za chanjo sikuziamini sana. Anayekuja kuchomwa sindano ndiye yuleyule anayepima presha na kutembea jioni. Akizeeka na akili zake, tumshukuru nani, sindano au miguu? Hapa kalenda imekata ubishi. Waliozaliwa wiki moja kabla ya mstari na wiki moja baada yake wamepita vita vilevile na njaa ileile, ila upande mmoja karibu hakuna aliyechanjwa, na wa pili karibu nusu walichanjwa.

Mafaili ya matibabu, majina yakiwa yameondolewa, yanatunzwa hapohapo kwenu, Chuo Kikuu cha Swansea, katika hazina iitwayo SAIL. Watafiti wakafuatilia wazee zaidi ya 280,000 kwa miaka 7. Chanjo ilipunguza uwezekano wa kuandikiwa ugonjwa wa kusahau kwa kama asilimia 20, wanawake wakifaidika zaidi. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Nature, Aprili 2025.

Lishike hilo neno “kuandikiwa”. Faili linajua alichoandika daktari, basi. Mzee anayesahau kimyakimya nyumbani, humo ndani ni mzima.

Kwa hiyo jikoni hawajadanganya, wamerahisisha tu. Hesabu hii ni ya umati. Haisemi bibi wa Agosti angepona kwa sindano, wala haimwekei dhamana wa Oktoba. Tena ile ilikuwa Zostavax, ambayo Uingereza wameshaiacha, sasa wanachoma Shingrix.

Huyo wa Agosti, ukiingia na chai mtajie jina lako mwenyewe, asihangaike kulitafuta.