Mwani wa dhahabu na fuko: anzia kwenye seli

Umeuliza uanzie wapi kulinganisha mwani wa dhahabu wa maji yasiyo na chumvi na fuko, yule mnyama mdogo anayechimba ardhini. Anzia kwenye seli. Seli za wote wawili zina kiini na mitokondria (sehemu zinazoipa seli nishati), na bakteria hawana, kwa hiyo ukiuita mwani bakteria, jibu limeharibika.

Kwenye chakula usiharakishe, ndipo penye utamu. Dinobryon, aina moja ya mwani wa dhahabu, hujitengenezea chakula kwa mwanga, tena humeza bakteria! Kwa hiyo usiandike "mmea" tu. Fukozanthini, rangi ya kahawia-dhahabu, ndiyo inayofunika kijani cha klorofili yake. Fuko wa Ulaya hutegemea zaidi minyoo. Usimchanganye na fuko wa jamii ya panya, anayekula mizizi.

Mwendo ni rahisi: mwani una flajela 2 (mijeledi midogo ya kuogelea) zisizolingana urefu, dhidi ya viganja vipana vya fuko vya kuchimbia. Hali ikiwa mbaya, mwani hujifungia ndani ya gamba la silika, madini yanayotengeneza kioo. Fuko huchimba chini zaidi.